MAKTABA ISIYO NA KITABU HATA KIMOJA
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, ukisikia neno maktaba bila shaka akili yako hukimbia moja kwa moja hadi kwenye rafu, vumbi na lile bango linalokuamuru unyamaze. Hebu lisahau bango hilo kwa dakika chache. Maktaba ninayotaka kukusimulia haina rafu wala kitabu, na unaweza kuitia yote ndani ya flashi ikabaki nafasi tele ya picha za harusi ya shangazi yako. Ni maktaba ya tarakilishi. Wenye ujuzi huiita maktaba ya pamoja, yaani faili moja iliyo na kazi zilizokwisha kuandikwa, ambayo programu nyingi huiita iwafanyie hesabu wenye nazo, badala ya kila programu kuibeba hesabu hiyo tumboni mwake.

Najua wapo watakaouliza, kwani jambo hili si la chama cha tarakilishi? Si la mwalimu wa Hesabu? Waama, ningeweza kulipeleka huko. Lakini nimelileta katika jarida la Chama cha Kiswahili kwa kuwa lilianza kwa Kiswahili, katika mkutano wa akina mama, na ni jina la mama yangu lililokuwa karibu kupakwa matope.

Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama mtaani kwetu, pembezoni mwa mji wa Kitale. Wanachama ni 23: wauza mboga, washonaji, wafuga kuku na mwalimu mmoja wa chekechea. Kila Jumamosi kila mmoja huleta shilingi 200, na mwenye shida hukopa akalipa kwa riba. Binamu yangu, ambaye alikuwa akisomea mambo ya tarakilishi chuoni, aliwaandikia programu tatu kwa lugha iitwayo C. Ya kwanza huchapa taarifa ya kila mwanachama. Ya pili hutayarisha ujumbe wa kumkumbusha mdaiwa kwa simu. Ya tatu hugawa faida mwezi wa Desemba. Sasa angalia jambo hili kwa makini, maana ndilo chanzo cha yote: kila programu ilikuwa na hesabu ya riba ndani yake, mistari ileile, imenakiliwa neno kwa neno. Ungezifungua zote tatu ungedhani unatazama mapacha.

Hapo awali riba ilikuwa asilimia 10 kila mwezi ya mkopo wote kama ulivyotolewa. Januari 2025 mkutano ukakata shauri kwamba kuanzia siku hiyo itatozwa kwa deni lililobaki tu. Usidhani tofauti yake ni ya kupuuzwa. Mtu akikopa shilingi 6,000 kwa miezi 3, akawa analipa 2,000 kila mwezi, kwa sheria ya zamani riba ni 600 mara tatu, yaani 1,800. Kwa sheria mpya ni 600, kisha 400, kisha 200, jumla 1,200. Hizo 600 zinazopungua, kwa mtu anayeuza sukuma wiki kando ya barabara, ni mtaji.

Binamu alikuja siku moja, akairekebisha programu ya taarifa, akakumbuka kwamba ana mtihani, akapanda matatu ya Eldoret. Pacha mmoja akajua sheria mpya. Wawili wakabaki na ya zamani.

Wiki chache baadaye nyanya mmoja muuza mboga alikuja mkutanoni na karatasi mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto. Karatasi ilisema deni lake ni 7,200. Simu ilisema 7,800. Alivyo mtu wa maneno machache, aliuliza swali moja tu: "Mama mweka hazina, hizi mia sita zinaenda kwa nani?"

Lahaula! Mkutano mzima ukawa kimya kama maji ya mtungini. Mama alifungua daftari, akaonyesha kwamba pesa hizo hazijalipwa na mtu yeyote, kwa hivyo haziwezi kuwa zimeibwa. Wengine walielewa. Wengine walitazamana kwa ule mtazamo unaosema zaidi ya maneno. Alirudi nyumbani akaketi kitini bila kuvua viatu, na siku hiyo hakuna aliyemwuliza chakula kiko wapi.

Nilimpigia binamu simu. Yeye kwake lilikuwa jambo jepesi. "Wee, si ubadilishe tu hizo mbili zingine? Nakili, bandika, kwisha."

"Na wakibadilisha tena mwezi ujao?" nikamwuliza.

Akanyamaza kidogo. Kisha akacheka. "Basi tengeneza so," akasema.

So, mpenzi msomaji, si neno la Kiswahili. Ni zile herufi mbili zinazofuata nukta katika jina la faili ya maktaba ya pamoja kwenye mfumo wa Linux. Katika Windows herufi zenyewe ni dll, na huenda umewahi kuziona siku mchezo fulani ulipokataa kufunguka ukilalamika kwamba dll moja haipatikani. Kipakatalishi kikuukuu alichotuachia binamu kina Linux, kwa hivyo nitasimulia ya so.

Wazo lenyewe la maktaba ni la zamani kuliko wazazi wetu. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, huko Uingereza, tarakilishi iitwayo EDSAC ilianza kazi mwezi wa Mei 1949. Mashine hiyo haikuwa na amri ya kugawanya. Ndiyo, kugawanya kule kwa darasa la tatu! Ukitaka kugawanya ilibidi uandike hatua zake zote. Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill hawakutaka kila mtu aandike upya mambo yaleyale, kwa hivyo kazi kama hizo zikatobolewa kwenye tepe za karatasi na kuhifadhiwa. Mwenye haja alichukua tepe, akanakili matobo yake katika tepe ya programu yake. Mwaka 1951 watatu hao wakatoa kitabu kuhusu namna hiyo ya kuandika programu. Ilikuwa maktaba kweli, na watu walienda pale kama sisi tunavyoenda kuazima kamusi.

Lakini umeona? Walinakili. Tepe moja ikigunduliwa kuwa na kasoro, nakala zake zote zilizokwisha kutoka zinabaki na kasoro ileile mpaka kila mmoja airekebishe ya kwake. Ni yaleyale ya mapacha watatu wa binamu. Maktaba ya pamoja imeongeza hatua moja: programu hainakili kitu. Inaandika tu jina la maktaba na jina la kazi inayoitaka, halafu inapoanza kukimbia ndipo mfumo unaitafuta maktaba hiyo na kuwakutanisha.

Usione vyaelea, vimeundwa, kwa hivyo nikuonyeshe nilivyoiunda. Nilichukua mistari ya riba kutoka programu ya taarifa, ile iliyojua sheria mpya, nikaitia katika faili moja peke yake. Niliiita riba.c. Ndani yake mna funksheni moja, nayo ndiyo kazi yenyewe: unaipa kiasi cha mkopo na idadi ya miezi, inakurudishia riba. Kisha nikaipeleka kwa kompaila. Kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa amri ambazo bongo la mashine huzielewa. Ya kwangu inaitwa gcc, ni ya bure, na amri zake zilikuwa mbili:

gcc -fPIC -c riba.c
gcc -shared -Wl,-soname,libriba.so.1 -o libriba.so.1.0 riba.o

Usiogope, si uchawi. Ile -fPIC ya amri ya kwanza ndiyo iliyonichukua jioni mbili nzima kuielewa. Programu ya kawaida huweza kujua itakaa wapi katika kumbukumbu ya mashine. Maktaba haijui, kwani leo itaitwa na programu hii na kesho na ile, na kila moja itaipangia mahali pake. Kwa hivyo amri zake haziwezi kusema "nenda nyumba nambari 14." Zinapaswa kusema "kutoka hapa nilipo, hatua kumi mbele." Mtu akikuelekeza hivyo, hata kibanda kikihamishiwa upande wa pili wa mji, maelekezo bado yatafaa mradi kila kitu kimehama pamoja. Basi -fPIC humwambia kompaila aandike amri za namna hiyo.

Amri ya pili ndiyo inayoifanya faili kuwa maktaba ya pamoja. Humo pia ninaipa jina lake rasmi, libriba.so.1, nayo hiyo 1 nitairudia, kwani ina uzito kuliko inavyoonekana.

Baada ya hapo nilifuta mistari ya riba katika programu zote tatu, nikaweka mahali pake wito tu, nikazikompaili upya kwa kuongeza -lriba mwishoni mwa amri. Nikaendesha ya kwanza. Ikagoma! Ikasema haiwezi kuifungua libriba.so.1 kwani hakuna faili kama hiyo, ilhali naiona kwa macho yangu mawili katika folda ileile. Ilikuwa ni desturi ya Linux, maana mfumo huu hautafuti maktaba mahali popote ovyo. Una orodha ya mahali pake, na faili iliyo kando ya programu haimo katika orodha hiyo. Niliihamishia /usr/local/lib, nikaendesha amri ldconfig ili orodha ijazwe upya, na mara programu ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Ukiwa na shida kama hiyo, andika ldd kisha jina la programu yako, nayo itakutajia kila maktaba inayotakiwa na ile isiyopatikana.

Mtihani wake halisi ulikuja Aprili. Mkutano uliteremsha riba kutoka asilimia 10 hadi 8. Nilibadilisha namba moja katika riba.c, nikaikompaili maktaba peke yake, nikaiweka mahali pake. Zile programu tatu sikuzigusa hata kwa ncha ya kidole. Nikampa Mama azijaribu kwa mkopo wa 6,000 wa miezi 3. Ya taarifa: riba 960. Ya ujumbe wa simu: 960. Ya Desemba: 960. Mama aliangalia, akachukua kalamu, akaandika 480, 320, 160, akajumlisha. "Sawa," akasema, na akaenda kuinjika chai. Kwa wasiomjua, hiyo ni sifa kubwa.

Hapa pana jambo ambalo binamu na mimi bado hatujaafikiana. Yeye hushikilia kwamba siku hizi kumbukumbu ni rahisi, hivyo afadhali kila programu ibebe vitu vyake vyote tumboni, iwe faili moja unayoibeba kwa flashi hadi mashine yoyote na isikuulize libriba iko wapi. Na si yeye peke yake. Lugha iitwayo Go kwa kawaida hufunga karibu kila kitu ndani ya programu. Ninakubali ni raha. Lakini fikiria Aprili 2014, kasoro iliyopewa jina Heartbleed ilipofichuliwa katika OpenSSL, maktaba inayolinda siri za mawasiliano mtandaoni. Waliokuwa wakiitumia kama maktaba ya pamoja waliibadilisha faili ya maktaba, wakaziwasha upya programu zao. Waliokuwa wameinakili ndani ya programu zao ilibidi waikompaili upya kila moja, tena kwanza waikumbuke ilipo. Mimi ninamwuliza binamu: wewe uliyesahau programu mbili kati ya tatu, ungekumbuka ngapi kati ya mia? Hapo hubadilisha mazungumzo.

Hata hivyo nisikudanganye kwamba maktaba ya pamoja ni asali tupu. Kuna siku nilikuwa nikiosha vyombo, wazo likanijia likanifanya niache sahani majini. Nyanya wa mboga aligunduaje kasoro? Kwa sababu karatasi na simu zilisema mambo mawili. Zile nakala zilizotofautiana ndizo zilizotoboa siri. Sasa zote tatu zinauliza mahali pamoja. Libriba ikikosea, karatasi itakosea, simu itakosea, mgao wa Desemba utakosea, na zote zitakubaliana vizuri sana. Nyanya atashika karatasi mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto, aone namba moja, aamini.

Na hili si la vyama vidogo tu. Mwezi wa Machi 2024 mhandisi mmoja aitwaye Andres Freund aliona kwamba kuingia katika mashine yake kwa njia ya SSH kunachukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Mwingine angepiga miayo akaendelea. Yeye alifuata nyayo mpaka akafika kwenye maktaba ya pamoja iitwayo liblzma, ambayo kazi yake ni kubana faili ziwe ndogo. Matoleo yake mawili, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yametiwa mlango wa siri na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa ameshiriki katika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. SSH yenyewe haikuwa na haja ya kubana faili. Ila katika baadhi ya mifumo ya Linux ilikuwa ikiita maktaba nyingine, na hiyo nyingine ikaita liblzma. Ndivyo mgeni wa mgeni alivyojikuta chumbani mwa mwenye nyumba.

Nilimweleza Mama kisa hiki kadiri nilivyoweza. Hakuuliza SSH ni nini. Aliuliza, "Kwa hivyo nani anaikagua ya kwetu?" Kweli, hakukuwa na mtu. Basi akapendekeza mkutanoni, na ikapitishwa, kwamba kila mwezi katibu achague mkopo mmoja bila kuniambia, auhesabu kwa kalamu, kisha alinganishe na mashine. Zaidi ya hayo nimeiandika ile funksheni kwa Kiswahili cha kawaida, sentensi sita, nayo imebandikwa ndani ya jalada la daftari la chama. Mwalimu wa chekechea alinisahihishia sentensi ya nne.

Sasa turudi kwenye ile namba 1. Mwaka huu, 2026, wadogo zetu wa Gredi ya 10 waliingia shuleni, na sisi tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 tukajikuta tuko katikati, hatuna Kidato cha Pili nyuma yetu. Mmoja wa wadogo hao anajua Python kuliko ninavyoijua C. Aliposikia habari za libriba aliandika programu ya nne, ya mwanachama kujipimia mkopo kabla hajauomba. Python ina njia yake, ctypes, ya kuita maktaba iliyoandikwa kwa C. Inabidi tu uiambie waziwazi inapeleka namba za aina gani na itarudishiwa ya aina gani. Kwa mistari minane, lugha mbili zikasalimiana.

Kisha akanijia na ombi. "Unaonaje tukianza na miezi ndipo ufuate mkopo? Inasomeka vizuri zaidi."

Nilikataa, na sikukataa kwa kiburi cha mkubwa. Katika C, wakati programu na maktaba zinapokutanishwa, kinacholinganishwa ni jina tu. Hakuna anayekagua mpangilio wa namba zinazopelekwa. Ningezibadilisha, programu tatu za zamani zingeendelea kupeleka 6,000 kwanza na 3 baadaye, na maktaba ingehesabu mkopo wa shilingi 3 kwa miezi 6,000, bila kulalamika, bila hata kikohozi. Jina na mpangilio wake ni ahadi. Ukitaka kuivunja ahadi, unatoa maktaba mpya yenye jina libriba.so.2, na ile ya 1 unaiacha mahali pake kwa ajili ya wanaoitegemea. Maktaba kuu ya C ambayo karibu kila programu kwenye Linux yangu huiita ni libc.so.6, na hiyo 6 imekuwa 6 tangu mwaka 1997. Mimi sijazaliwa, yeye hajazaliwa, na ahadi ile bado inashikwa.

Alielewa upesi kuliko binamu. Na mkutano ulipopitisha faini ya anayechelewa kulipa, ni yeye aliyesema tusiiguse funksheni ya zamani, tuongeze nyingine kando yake. Tumeiita riba_na_faini. Namba bado ni 1. Programu ya taarifa na ya ujumbe zimeanza kuiita hiyo mpya, ya Desemba bado inaita ya zamani mpaka wanachama waamue kama faini ni faida ya kugawana, jambo ambalo wamelibishania Jumamosi mbili sasa.

Kuhusu jina la Mama, wapo wawili ambao bado huhesabu chenji mara mbili wakipokea kutoka kwake. Yeye huwangojea wamalize, kisha hutia sahihi. Nyanya wa mboga hahesabu tena, ila ameomba taarifa yake ichapwe kwa herufi kubwa kwani macho yake yamechoka. Hiyo haiihusu maktaba hata kidogo. Ni ya programu ya taarifa peke yake, nami nimeianza jana, kabla umeme haujapotea.